Mioto Kumi na Mmoja

Mtaimbo ulipoishukia ardhi, uliruka juu. Haukuzama hata kina cha ukucha. Mikono ya Ovila Grandbois ilitetemeka mpaka mabegani, meno yakagongana, na mlio wa chuma ukaenda hadi kwenye misonobari ukarudi. Akapiga tena. Ukaruka tena.

"Imekukataa," akasema Fleurent Gadoury, aliyeegemea uzio wa makaburi, mikono kaificha makwapani.

"Haijanikataa. Haijanizoea tu wakati huu wa mwaka."

"Ovila, wewe na ardhi hii mna miaka arobaini. Imekukataa."

Fleurent alikuwa jirani yake tangu ujana. Kiwanda cha mbao kilimchukua vidole viwili kabla chenyewe hakijafungwa, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuegemea vitu na kutoa maoni. Ovila alikwisha kumzoea. Aliuweka mtaimbo chini, akavua glavu, akapiga magoti na kuipapasa ardhi kwa kiganja kitupu. Ilikuwa nyeusi, kavu, ngumu kuliko saruji. Ilikuwa tarehe kumi na tano Desemba, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, na mkewe Laurenza alikuwa na siku tatu tangu afariki.

Huku Val-Ferland, mtu akifa baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, hazikwi. Analazwa kwenye banda la mawe nyuma ya kanisa, jeneza limepigwa misumari vizuri, anangoja Mei. Ardhi ikilegea, Ovila anachimba, na wote waliokufa majira ya baridi wanazikwa ndani ya juma moja, mmoja leo, mwingine kesho, na kijiji kizima kinalia kwa mkupuo. Wageni wakiambiwa hivyo wanashika vifua. Sisi hatuoni ajabu. Baba zetu walipokuja kukata msitu huu walikuta baridi ipo tayari, wakaelewana nayo.

Kwa hiyo Laurenza naye angengoja, kama si ile barua.

Barua ilikuja Oktoba kutoka ofisi ya jimbo la kanisa, mjini, kilomita tisini kutoka hapa. Ilikuwa ya heshima, imeandikwa kwa Kifaransa kizuri kuliko chetu. Hilo ndilo lililouma. Shule tulifungiwa na watu wasiojua hata kulitaja jina la kijiji, posta vilevile, na treni ilipoacha kusimama tulisema, sawa, hao si wetu. Lakini barua hii ilitoka kwa watu wetu wenyewe, waliobatizwa kwa maji ya mto huuhuu. Ilisema kwamba Val-Ferland imebaki na watu thelathini na mmoja, kwamba kanisa limekwisha kufungwa, na kwamba makaburi nayo hayana budi kufungwa. Kuanzia tarehe mosi Januari hakuna kaburi jipya litakalochimbwa. Kaburi lililochimbwa kabla ya tarehe hiyo litahesabiwa kuwa la mwenyewe na litatunzwa. Wengine wote watazikwa mjini, kwenye makaburi mapya yaliyopangwa mistari.

Aliyetia sahihi ni Rosaire Lanthier, msimamizi wa mali za jimbo. Mtoto wa hapahapa. Mama yake, Albertine, bado anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani.

Laurenza alipoisoma barua hiyo alikuwa mgonjwa tayari. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akamwambia mumewe, "Ukinipeleka mjini nitarudi kwa miguu. Na nitafika nimekasirika."

Ovila alicheka siku ile. Sasa hakuwa na kicheko. Alikuwa na siku kumi na sita, na ardhi iliyokuwa ikimrushia mtaimbo.

Maana Ovila hakutaka kuchimba popote tu pale makaburini. Alitaka mahali pamoja tu, kulia kwa Clémence. Binti yao alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita, na miaka arobaini na moja baadaye Laurenza bado alikuwa akimwekea akiba ya nafasi ubavuni pake, kama mtu anayekalia nusu ya kiti ili mwenzake akija akute pa kukaa.

Na hapo ndipo Ovila alipokuwa amejitega mwenyewe. Mtu wa nchi hii anajua kwamba theluji ni blanketi. Pale ilipolala nene, baridi haishuki chini sana, hata shubiri mbili haifiki. Pale palipofagiliwa, baridi inashuka na kushuka, futi baada ya futi. Ovila aliwakemea watu kwa hilo miaka yote. Msifagie, aliwaambia, mnanifungia ardhi, Mei itanikuta nalia. Lakini mwenyewe, kila Jumapili ya kila majira ya baridi, alikwenda na ufagio wa vijiti akasafisha kaburi la Clémence na nafasi ya pembeni yake, kulia na kushoto, ili Laurenza akija aone jina la mwanawe linasomeka. Mwaka huu alikuwa amefagia tangu mwanzo wa Novemba. Hakuna mahali makaburini pote palipoganda kama pale. Alikuwa amepagandisha yeye mwenyewe, kwa mapenzi, kwa mkono wake, na alipopiga magoti pale alitamani kujipiga makofi.

"Unalia?" akauliza Fleurent.

"Baridi inanitoa machozi."

"Haya." Fleurent akatazama pembeni. "Rosaire kasemaje?"

Rosaire alipiga simu asubuhi ileile. Alisikitika kweli, hakuwa mtu mbaya. Alisema gari litakuja kumchukua Laurenza bila malipo, kwamba mjini wana mashine inayopasua ardhi hata Januari, kwamba Clémence naye angeweza kuhamishwa baadaye, kwa utaratibu. Ovila alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwambia mwanangu, nilichimba kaburi la baba yako kwa mikono hii, usinifundishe utaratibu. Akakata simu.

"Kasema pole," akamjibu Fleurent. "Nenda ukanitafutie mabati."

Baba yake Ovila alikuwa mchimbaji kabla yake, na zamani, kabla banda la mawe halijajengwa, alizika watu Januari. Alifanya kwa moto. Ovila aliona mara mbili tu, akiwa mdogo, lakini mikono ilikumbuka. Yeye na Fleurent walipanga magogo makavu ya mti wa gome jeupe kwa urefu wa kaburi, wakaweka magogo mabichi juu ili moto usikimbie, wakauwasha, ulipokolea wakaufunika kwa mabati ya zamani ya kiwandani na kuzungushia unga wa mbao kando zote ili joto liende chini badala ya kupaa. Moto wa namna hiyo haupendezi kuutazama. Hauna ndimi, una moshi na subira. Unauacha siku nzima na usiku wake, unafunua, unakwangua majivu, unachimba kilicholegea, kisha unawasha mwingine ndani ya shimo.

Moto wa kwanza ulimpa futi moja, na Ovila akashukuru kama aliyepewa nyumba. Wa pili ulimpa kidogo zaidi. Alilala kwenye kiti ndani ya banda la mawe, karibu na jeneza, akiamka kuongeza kuni, na wakati mwingine alimwambia Laurenza moto umefika wapi. Aliona haya kidogo, halafu akaacha kuona haya.

Siku ya tatu Albertine Lanthier alikuja na chungu cha supu ya njegere kwenye kijisleji chake, ubao wa kuburuta juu ya theluji. Alikuwa na miaka themanini na minne, mfupi, kavaa koti la marehemu mumewe lililomfika miguuni. Alimimina supu, akakaa juu ya gogo, akalitazama shimo kwa muda mrefu kama anavyotazama mtu nguo dukani.

"Hili likishachimbwa kabla ya Mwaka Mpya," akasema, "ni la Laurenza. Hakuna atakayemtoa."

"Barua ya mwanao ndivyo inavyosema."

"Nimeisoma mara tatu. Inasema kaburi ni la mwenyewe." Akapuliza supu yake. "Haisemi mwenyewe awe amekufa."

Ovila aliinua uso. Albertine hakumtazama. Alikula supu yake taratibu, akafuta kijiko kwa theluji, akakirudisha mfukoni.

"Albertine, wewe bado mzima."

"Najua hali yangu, Ovila. Nakuuliza jambo la barua."

Ovila akarudi kwenye magogo yake. Alikuwa na moto wa tatu wa kuwasha, na mawazo yake yote yalikuwa chini ya yale mabati. Lakini maneno yale hayakutoka kichwani, na kila alipokwangua majivu aliyakuta pale.

Laurenza alizikwa tarehe ishirini na moja, saa tano asubuhi, kulia kwa binti yake. Padri alitoka mjini, kijana wa Kongo, kavaa makoti mawili chini ya kanzu. Aliitazama ile ardhi iliyopikwa mara nne, akasema kwao kaburi huchimbwa asubuhi likawa tayari kabla ya chakula cha mchana, na kwamba hajawahi kuona mtu aliyepiganiwa hivi. Watu thelathini wa Val-Ferland walisimama pale, wote, hata wale wawili wasiosemeana. Walipoondoka, Ovila alichukua koleo akafanya kitu ambacho hakukifanya kwa miaka arobaini na moja. Alirudisha theluji. Aliimwaga juu ya Laurenza, akaimwaga juu ya Clémence, nene, mpaka majina yote mawili yakafunikwa, akaisawazisha kwa mgongo wa koleo. Ufagio wake alikuwa ameuegemeza kwenye uzio, akauacha hapohapo.

Kesho yake alisikia kitu kikiburutwa barabarani. Alikuwa Albertine na kisleji chake, safari hii kimejaa kuni.

"Mimi nataka pale kwa mume wangu," akasema. "Sina nguvu ya sururu, lakini moto naujua. Nimewasha jiko kila siku tangu niolewe."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Ovila alimtazama yule bibi, akatazama zile kuni, akafikiri juu ya Rosaire na sahihi yake nzuri. Kitu kikamwasha kifuani, kitu alichokuwa amekikosa tangu Laurenza aanze kuugua. Zilikuwa hasira, lakini hasira zenye afya, za kumfanya mtu asimame wima. Akaenda kuchukua mabati.

Fleurent alipoona moshi mpya alikuja mbio, kwa kadiri Fleurent anavyoweza kukimbia, akaelezwa habari yote. Kisha akasema naye analitaka lake. Akaenda kando ya kaburi la kaka yake, akalala chali kwenye theluji ili wampime. Mkewe, Gisèle, akaagiza lichimbwe pana zaidi, maana mwenzake huyo kitandani hujitandaza, na yeye akaomba lake liwe mbali kidogo asisikie akikoroma milele. Kufika jioni habari ilikuwa imeingia kila jiko.

Basi wakaja. Kila mtu na kuni zake, kila mtu na mahali pake. Ajabu ya Mungu, hakuna aliyebabaika, kila mmoja alikwenda moja kwa moja mpaka pale anapotaka, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake mezani. Ovila aliwafundisha. Msifunue kabla ya wakati. Gogo bichi juu, kavu chini. Usimwonee moto huruma, ufunike. Sehemu hizo hazikuwa zimefagiliwa, theluji ilikuwa imezilinda, na mioto miwili ilitosha kwa kila moja. Wazee waliwasha, Ovila alichimba. Alichimba asubuhi, alichimba baada ya chakula, alichimba Krismasi yenyewe, na siku hiyo Gisèle alimletea pai ya nyama akamlazimisha kuila akiwa amesimama ndani ya kaburi la Gisèle mwenyewe.

Mashimo yalipokamilika walihitaji kuyafunika yasijae theluji. Fleurent ndiye aliyekumbuka milango ya shule. Ilikuwa bado imo ndani ya lile jengo lililofungwa, milango imara ya mbao za hapa, ina namba za madarasa. Waliing'oa. Walilaza mlango mmoja juu ya kila kaburi, wakaandika jina kwa rangi nyekundu ya kutilia alama miti ya kukatwa. Albertine alipata darasa la kwanza. Alisema ndilo alilojifunzia kusoma na ndilo atakalolala chini yake.

Tarehe thelathini na moja, saa sita mchana, makaburi yalikuwa na milango kumi na mmoja, na kando ya kila mlango moto mdogo, na kando ya kila moto mzee kwenye kiti, akilinda mali yake. Kulikuwa na supu. Kulikuwa na watu wawili wanaocheza karata juu ya darasa la nne. Ovila alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na Laurenza, na mikono yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kuikunja. Hakuwa amelala vizuri tangu katikati ya mwezi. Alikuwa na furaha kali, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu.

Gari la ofisi likaja polepole, likasimama langoni. Rosaire Lanthier akateremka na jalada lake. Dereva mmoja wa lori la magogo alikuwa ameona moshi kutoka barabara kuu, akapiga simu kuuliza kama kijiji kinaungua. Rosaire alisimama langoni akahesabu. Tulimwona midomo yake ikihesabu. Kisha akapita katikati ya mioto, kavaa viatu vya mjini, mpaka kwenye moto wa kwanza.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Naota moto."

"Hapa?"

"Kando ya kaburi langu. Baba yako yuko pale. Inua mlango uone, lina nafasi nzuri."

Rosaire hakuinua mlango. Akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, kwamba agizo lile lilikusudiwa wafu, kwamba kila mtu anaelewa hivyo.

"Mngeandika wafu," akasema Albertine. "Mliandika kaburi. Hili ni kaburi. Kama unaona si kaburi, ingia upime."

Mtu mmoja kwenye karata alikohoa ili asicheke. Rosaire aligeuka akawatazama wote, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka. Akasema ana vijiji tisa kama hiki. Akauliza miaka kumi kutoka leo nani atafyeka majani haya, nani atafungua lango hili, nani atakuwa amebaki hapa wa kujua yupi ni yupi. Lilikuwa swali la haki.

"Wewe," akasema mama yake.

"Mimi nakaa mjini, Mama."

"Ndiyo. Na ukinizika mjini utapita ukienda kazini, utainua kofia, basi. Nikiwa hapa itabidi uje. Utafungua lango, utafyeka kidogo, utaona nyumba yetu. Unadhani nimechimba kwa ajili yangu? Mimi nikishakufa sitajua nilipo."

Rosaire aliliondoa jalada chini ya kwapa, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akatoa kalamu, akaipasha joto kinywani, na akaanza kuandika. Alikwenda mlango kwa mlango. Alisoma kila jina kwa sauti, na kila mwenye jina akaitika "nipo," kama tulivyokuwa tukiitika darasani. Gadoury, Fleurent. Gadoury, Gisèle. Mpaka wa kumi na mmoja. Mwisho akafika alipoketi Ovila.

"Na lako, Mzee Ovila? Niambie lilipo niliandike."

Ovila alitazama mikono yake.

"Sina," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza siku nzima mioto kusikika ikilia. Watu walitazamana. Walikuwa wamesahau, wote kumi na mmoja. Kwa siku kumi walimwita huku na kule, Ovila njoo hapa, Ovila ongeza kidogo, Ovila hapa pembeni pamebaki, na hakuna aliyeuliza. Nasi tunajua desturi, hatuna udhuru. Mchimbaji halichimbi kaburi lake. Baba yake Ovila hakulichimba la kwake, wala aliyemtangulia. Lazima mkono mwingine ulichimbe, na mchimbaji haombi, kwa sababu kuomba ni kumwambia mtu nichimbie, na neno hilo halisemwi. Kwa hiyo Ovila alichimba ya wenzake na akanyamaza. Nafasi yake ilikuwa pale, kushoto kwa Clémence, mahali alipopafagia kwa miaka arobaini na moja. Theluji ya mwezi mzima haikuwahi kulala pale, na tangu auache ufagio haikuanguka nyingine. Ardhi ilikuwa wazi, nyeusi, imeganda hadi kwenye paja la mtu.

"Ngojeni," akasema Ovila, kwa maana aliona nyuso zao. "Sikilizeni. Hapa pamefagiliwa. Kwa Laurenza ilinichukua mioto minne, siku sita. Sasa hivi ni saa saba inakaribia, na siku inakwisha saa sita usiku. Muda hautoshi. Msijitese."

Fleurent Gadoury aliuacha uzio. Nasema hivyo kwa sababu tuliona wote, na wengi wetu hatukuwahi kuona. Alikwenda kwenye moto wake, akachomeka koleo chini ya makaa, akalinyanyua limejaa, jekundu, linafuka, akatembea nalo kwa vidole vyake vinane mpaka kushoto kwa Clémence, akayamwaga juu ya ile ardhi nyeusi. Yalilia yalipogusa.

"Fleurent, nimekwambia muda hautoshi."

"Nani kakuuliza?" akasema Fleurent. "Kaa kwenye ndoo yako."

Gisèle alikuwa nyuma yake na ndoo ya bati. Kisha waliokuwa wakicheza karata. Kisha wengine, na koleo, na sufuria, na mmoja na kifuniko cha jiko. Mioto yao ikapungua mmoja baada ya mwingine, na kushoto kwa Clémence makaa yakapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, mpaka kwenye magoti, yakiwa na joto ambalo Ovila hakuwahi kuliona juu ya ardhi yoyote. Alikuwa amezoea kuuficha moto, kuupunguza, kuusubirisha. Huu ulikuwa wazi. Alibaki ameketi, na machozi yakamtoka bila kuyasingizia baridi.

Albertine alikuwa wa mwisho kwa sababu ya umri wake. Alijaza koleo lake, akajaribu kulinyanyua, likamshinda. Akajaribu tena. Kisha akageuka akamnyooshea mpini mwanawe, aliyekuwa bado amesimama na jalada lililofunguliwa na kalamu mkononi.

"Makaa yanapoa, Rosaire."

Rosaire aliutazama mpini. Akatazama ukurasa wake, ambako chini ya majina kumi na moja palibaki mstari mtupu na mahali pa kutia sahihi. Mikono miwili haitoshi jalada na koleo kwa pamoja. Mama yake aliendelea kuushikilia mpini.

Akaliweka jalada juu ya darasa la kwanza. Akalichukua koleo. Alitembea nalo vibaya, kama mtu wa ofisini, viatu vikiteleza, makaa mawili yakamdondoka njiani yakazama kwenye theluji. Watu wakampisha. Alipofika ukingoni alisimama, uso wote umewiva kwa lile joto, akamgeukia mzee aliyekuwa kwenye ndoo.

"Mzee Ovila," akasema. "Niyamwage upande wa kichwa au wa miguu?"

Ovila aliinua mkono wake uliovimba, akamwonyesha upande wa kichwa. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza watu swali hilo. Kuzunguka yale makaa, theluji ilikuwa imeanza kunywea, na ukingo mwembamba wa udongo ulioloa ulionekana, mweusi, ukifuka kidogo, ukipanuka.